Wiki 51 za pango kwa mwanafunzi wa miezi tisa

WAZAZI wanaopeleka vijana wao kusoma Uingereza wanakutana na hesabu mbili zisizolingana. Ya kwanza ni ya serikali ya nchi hiyo, inayomtaka mwombaji wa viza ya masomo aonyeshe fedha za kujikimu kwa muda usiozidi miezi tisa. Ya pili ni ya mwenye hosteli, anayetaka mkataba wa upangaji wa wiki 51. Kati ya hesabu hizo kuna pengo la wiki 12 hivi, na anayeliziba si serikali wala mwenye hosteli.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Bunge la Uingereza lipitishe Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025, iliyopata idhini ya Mfalme tarehe 27 Oktoba mwaka huo. Kubwa lililomo ni kufutwa kwa mikataba ya upangaji ya muda maalumu katika England kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Mzazi aliyesikia hilo tu anaweza kudhani kijana wake atakuwa huru kuhama wakati wowote. Atakuwa amesikia nusu ya habari. Vyumba ambavyo mwanafunzi kutoka Dar es Salaam au Mombasa huelekezwa kwanza, yaani vya vyuo vyenyewe na vya makampuni ya hosteli, vimeachwa nje ya mabadiliko hayo.

HESABU YA MEZANI

Tangu tarehe 11 Novemba 2025, mwombaji wa viza anayekwenda kusoma London hutakiwa kuonyesha pauni 1,529 kwa kila mwezi, na anayekwenda nje ya London pauni 1,171. Kwa miezi tisa hizo ni pauni 13,761 na pauni 10,539. Fedha hizo, ambazo ni mbali na ada, zinatakiwa ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo.

Kosa linaloanzia hapa ni la kuichukua jumla hiyo kama bajeti ya mwaka. Serikali haikusema kwamba maisha ya mwaka yanagharimu kiasi hicho. Imesema hicho ndicho kiwango cha chini cha kumpa mtu viza, basi.

Chukua chumba cha pauni 200 kwa wiki nje ya London. Bei hiyo ni ya mfano tu, maana vipo vya chini ya hapo na vipo vya juu zaidi. Kwa wiki 39, ambazo ndizo miezi tisa, pango ni pauni 7,800. Kwa mkataba wa wiki 44 ni pauni 8,800. Kwa wiki 51 ni pauni 10,200. Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho ni pauni 2,400. Mzazi anayenunua pauni kwa Sh 3,300, kwa mfano, atatafuta Sh milioni 7.92 za ziada, na huenda kijana wake wakati huo yuko nyumbani Tabata anakula chakula cha mama yake.

Hesabu hiyo ina upande mwingine mchungu zaidi. Mwenye pauni 10,539 za viza akilipa pauni 10,200 za pango, hubaki na pauni 339 za chakula, nauli, vitabu, simu na koti la baridi. Kazi za muda zipo, na mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini kuipata kazi yenyewe ni suala jingine.

Kuna kosa dogo pia ambalo hata watu wa biashara hulifanya. Pango la Uingereza hutajwa mara kwa wiki, mara kwa mwezi. Chumba cha pauni 200 kwa wiki si cha pauni 800 kwa mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi mmoja ni pauni 867 hivi. Aliyezidisha kwa nne amejidanganya kwa pauni 800 kwa mwaka.

KWA NINI 51

Wenye mali wana sababu zao, na si zote za uroho. Jengo la hosteli hujengwa kwa mkopo au kwa fedha za wawekezaji kama vile mifuko ya pensheni. Wote hao hutaka kujua mwanzoni mwa mwaka ni vitanda vingapi vimeuzwa na kwa wiki ngapi. Soko lenyewe lina msimu mmoja tu, Septemba. Chumba kilichoachwa wazi mwezi Februari hakina foleni ya wateja nje. Wiki moja iliyobaki baada ya zile 51 ni ya usafi na ukarabati kabla ya kundi jipya kuingia.

Mikataba ya wiki 44 inatokana na hesabu nyingine. Mwenye jengo anajua kwamba mwezi Julai na Agosti anaweza kupangisha vyumba vyake kwa watalii au kwa wanafunzi wa kozi fupi za lugha, tena kwa bei ya usiku mmoja mmoja. Penye soko hilo la kiangazi, mkataba mfupi haumtii hasara. Pasipo na soko hilo, wiki za kiangazi humwangukia mwanafunzi.

Kwa hiyo kifungu cha muda wa chini wa kukaa kinafanya kazi moja: kinaihamisha hatari ya chumba kitupu kutoka kwa mwenye jengo kwenda kwa mpangaji. Hilo ni jambo la kawaida katika biashara. Msomaji aliyewahi kupanga nyumba Dar es Salaam na kuombwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo anaelewa. Lililo gumu ni kwamba hatari hiyo hapa inabebwa na kijana wa miaka 19 aliye umbali wa safari ya ndege, ambaye kwa kawaida husaini kabla hajakiona chumba.

Si kila mwanafunzi anaumia sawa. Anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ambaye huanza Septemba na kukabidhi tasnifu yake Agosti au Septemba, anazitumia wiki 51 karibu zote. Kwake mkataba mrefu ni nafuu, maana kuhama katikati ya tasnifu ni adha. Wa shahada ya kwanza, ambaye mitihani humalizika Mei au Juni, hulipia kiangazi kitupu. Anayeumia kabisa ni mwanafunzi wa kubadilishana, aliyekwenda kwa muhula mmoja na kukuta kila mlango unadai mwaka.

Kuna na wale wanaoanza masomo Januari. Hao hufika soko likiwa limeshafungwa, na mkataba unaowafaa, wa Januari hadi Januari, unapishana na kalenda ya wenye hosteli.

MLANGO WA KUTOKEA

Mkataba wa muda maalumu usio na kifungu cha kuuvunja maana yake ni moja. Mpangaji anadaiwa pango lote hadi siku ya mwisho, akae asikae. Sheria ya England haimlazimishi mwenye nyumba kuhangaika kutafuta mpangaji mwingine ili kumpunguzia deni aliyeondoka. Akitaka, anaweza kutulia na kudai pango lake kila linapofika tarehe.

Njia ya kawaida ya kutoka ni kuleta mpangaji mbadala. Mikataba mingi ya hosteli huruhusu hilo kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba anayeletwa awe mwanafunzi ambaye hana tayari chumba katika jengo hilo hilo. Mpaka apatikane na asaini, mita inaendelea kusoma kwa yule wa kwanza.

Baadhi ya mikataba ina kifungu cha kuuvunja katikati, mara nyingi baada ya miezi sita. Hiki ndicho kifungu cha kukitafuta kabla ya kutazama picha za jiko. Aidha, makampuni mengi makubwa yana ahadi kwamba mwanafunzi aliyenyimwa viza, au aliyekosa nafasi ya chuo, hatadaiwa pango. Ahadi hiyo huwa na tarehe ya mwisho na hutaka barua ya uthibitisho. Anayepeleka barua baada ya tarehe hiyo huhesabika kama aliyebadili nia tu.

Katika nyumba za kawaida wanazopanga wanafunzi wanne au watano kwa pamoja, hatari huja kwa njia nyingine. Mkataba ukiwa mmoja na wote wamesaini, kila mmoja ni mdeni wa deni lote. Akiondoka mmoja, mwenye nyumba anaweza kuwadai waliobaki sehemu yake. Urafiki mwingi wa mwaka wa kwanza umeishia hapo.

Janga la korona lilikuwa mtihani wa vifungu hivi. Machi 2020 wanafunzi walirudi makwao, na baadhi ya vyuo vikasamehe pango la mabweni yao kwa muhula uliobaki. Kwa wenye hosteli binafsi ilikuwa kila mmoja na msimamo wake, na wapo walioendelea kudai. Bunge la Scotland liliingilia kati Mei 2020 kwa sheria ya dharura iliyomruhusu mwanafunzi aliyekuwa tayari katika hosteli au bweni kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. England haikutunga sheria ya namna hiyo. Huko ilibidi wanafunzi wenyewe wagome kulipa, na Novemba 2020 mgomo katika Chuo Kikuu cha Manchester ulizaa punguzo la asilimia 30 la pango la muhula wa kwanza.

SHERIA MPYA

Kwa nyumba za kawaida za kupangisha, mabadiliko ni makubwa. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 upangaji wa England unakwenda kwa kipindi kisichokuwa na mwisho uliowekwa, na mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Kifungu cha muda wa chini wa kukaa hakina nguvu tena humo. Wanaopanga kwa pamoja wajue kwamba notisi ya mmoja inaweza kuufuta upangaji wa wote.

Mwenye nyumba ya wanafunzi naye hakuachwa mikono mitupu. Amepewa haki ya kuirudisha nyumba yake kati ya tarehe 1 Juni na 30 Septemba ili aingize kundi jipya, kwa notisi ya miezi minne. Haki hiyo ni ya nyumba ambazo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote, na anaipoteza iwapo mkataba ulisainiwa zaidi ya miezi sita kabla ya kuanza. Sharti hilo la mwisho limelenga ile tabia ya kuwasainisha wanafunzi mwezi Novemba kwa nyumba ya Septemba inayofuata.

Lakini hosteli kubwa zilizojengwa mahsusi kwa wanafunzi hazimo, mradi mwendeshaji wake awe mwanachama wa kanuni za maadili zinazotambuliwa na serikali. Mabweni ya vyuo nayo hayamo, wala hayakuwamo katika sheria iliyotangulia ya mwaka 1988. Humo wiki 51 zitabaki wiki 51. Hoja iliyotumika ni kwamba hosteli huishi kwa kalenda ya masomo, na mpangaji akipewa uhuru wa kuondoka Aprili, chumba hakiuziki. Ni hoja yenye ukweli ndani yake. Ila mtu anaweza kuuliza kwa nini kalenda hiyo hiyo ya masomo isitumike kuukata mkataba mwezi Juni.

Kwa mwanafunzi wa kigeni sheria hii ina upande wa pili ambao haukuzungumzwa sana. Wenye nyumba wa Uingereza hutaka mdhamini mkazi wa huko huko. Mtanzania asiye na mjomba London alikuwa na njia moja ya uhakika, kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Sheria mpya inamkataza mwenye nyumba ya kawaida kudai au kupokea zaidi ya pango la mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Nia ilikuwa kumlinda mpangaji. Lakini mwenye nyumba aliye na waombaji wawili, mmoja mwenye mdhamini na mwingine mwenye fedha taslimu tu, sasa hana sababu ya kumchagua wa pili. Atakayebaki bila chumba ataelekea hosteli kubwa, ambako malipo ya mkupuo bado yanakubalika na mkataba bado ni mrefu. Yapo makampuni yanayouza udhamini kwa ada, na biashara yao haielekei kupungua.

Hapa pana mtego mwingine wa viza. Pango lililolipwa mapema kwa chuo chenyewe huweza kupunguzwa katika fedha zinazotakiwa kuonyeshwa, ingawa kwa kiwango chenye kikomo. Lililolipwa kwa hosteli ya kampuni binafsi halipunguzwi. Mzazi aliyetoa pango la mwaka mzima kwa kampuni ili apate punguzo bado atatakiwa aonyeshe ile miezi tisa yote benki kwa siku 28. Wapo watakaogundua hilo wakati fedha zimeshatoka.

NCHI NYINGINE

Si kila nchi imeiachia kalenda ya mwenye jengo itawale. Ayalandi ilipitisha sheria mwaka 2024 inayouweka mkataba wa hosteli ya wanafunzi katika wiki 41, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe zaidi, na inayompa haki ya kuondoka kwa notisi ya siku 28. Wenye hosteli wa huko walikuwa wameanza kuelekea kwenye wiki 51 kama jirani zao.

Ujerumani suala lilimalizwa na majaji. Mpangaji wa kawaida huko huondoka kwa notisi ya miezi mitatu, lakini mwenye nyumba huweza kuandika kifungu cha pande zote mbili kutovunja mkataba kwa muda fulani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipata shauri la mwanafunzi wa Erlangen aliyefungwa na kifungu cha miaka miwili. Mahakama ilikibatilisha, kwa hoja kwamba mwanafunzi lazima awe na nafasi ya kubadili masomo au mji, na kifungu kilichochapwa tayari kwenye fomu ya mwenye nyumba kilimkandamiza isivyo haki.

Ufaransa, tangu mwaka 2018, ina mkataba wa nyumba yenye samani wa mwezi mmoja hadi kumi, ulioandaliwa kwa wanafunzi na watu walio katika mafunzo ya muda, na mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana. Mwanafunzi wa muhula mmoja anaupata mkataba wake pale pale kwenye kitabu cha sheria.

BEI YA KUULIZA

Kwa anayekwenda Uingereza, nafasi ya kujadiliana ipo zaidi kuliko inavyodhaniwa, ila ina saa yake. Kabla ya kusaini, ofisi ya malazi ya chuo ndiyo ya kuanza nayo, maana mabweni mengi ya vyuo hutoa mikataba ya wiki 40 na kitu kwa wa shahada ya kwanza. Chumba cha pauni 215 kwa wiki 40 kinagharimu pauni 8,600. Cha pauni 190 kwa wiki 51 kinagharimu pauni 9,690. Cha pili ndicho kinachoonekana rahisi kwenye tangazo.

Amana nayo ina kikomo. Tangu Juni 2019 mwenye nyumba England haruhusiwi kuchukua zaidi ya pango la wiki tano kama amana ambapo pango la mwaka liko chini ya pauni 50,000. Ada ya kuandaa mkataba na ada ya kukagua mpangaji zilipigwa marufuku mwaka huo huo. Dalali anayezidai amechelewa kusoma.

Na kwa wale wa Januari, udhaifu wa soko ndio nguvu yao. Mwezi huo wapo wanafunzi walioacha masomo, waliorudi makwao au waliomaliza muhula wao mmoja, ambao mita zao bado zinasoma hadi Agosti. Kila mmoja wao anatafuta mpangaji mbadala, na baadhi wako tayari kulipa sehemu ya pango kutoka mfukoni mwao ili mtu achukue chumba. Mkataba wa kurithi wa Januari hadi Agosti ni wa wiki 32 hivi. Anayeuchukua ahakikishe tu kwamba mwenye jengo amemwandikia mkataba mpya kwa jina lake, na kwamba deni la aliyetangulia limebaki kwa aliyetangulia.